Dripu Mbili Mkobani

Ukifika machimbo ya wachimbaji wadogo kule Geita ukaulizia nesi, utaonyeshwa Klara kabla hujamaliza swali. Mfupi, mkali, ana mdomo huyo! Mchimbaji akimletea kidole kilichooza atamwuliza, "Ulikuwa unasubiri kiote mizizi?" na huku anakiosha taratibu. Watu wanamcheka, wanamwogopa, wanampenda. Hawajui kuna jambo alilolikalia karibu mwaka mzima, na jambo lenyewe lilimhusu mdogo wake, Eliya.

Walizaliwa wawili tu kwa mama yao, kule Didia. Eliya alimfuata dada yake machimboni, eti atafute mtaji wa ng'ombe. Asubuhi moja duara alimokuwa, ndilo shimo la kuchimbia dhahabu, likatitia. Magogo ya kuzuia kuta yakavunjika, mwamba ukamlalia mapajani. Klara alikuwa kaenda mbali kufuata chanjo za zahanati, akafika na mkoba wake saa tisa alasiri. Akashuka kwa kamba, akamkuta hai! Anaongea, tena anatania.

"Shikamoo, dada. Ugali umeniletea?"

"Marahaba, mjinga wewe," Klara akajibu huku analia.

Sasa machimboni desturi ni moja: mtu akifukiwa, kazi zote zinasimama, kila duara linatoa watu, na hakuna anayepumzika mpaka mwenzao atoke. Kumwacha chini dakika moja zaidi ni laana. Wenzake walikuwa wamechimba tangu asubuhi kumfikia, ndiyo kwanza wamepenyeza magogo chini ya mwamba, wanangoja neno tu. Klara akapiga kelele, "Inueni, jamani, inueni!" Wakainua. Eliya akavutwa, akashusha pumzi, akasema, "Ahsanteni." Hawajamfikisha juu, moyo ukasimama. Klara alimkandamiza kifua mpaka mikono ikafa ganzi. Wapi!

Msibani mama yao aliwaambia waombolezaji wote, mmoja mmoja, "Mwanangu hakufia chini ya jiwe. Dada yake alimtoa." Hiyo ndiyo faraja aliyobaki nayo, na Klara naye aliishikilia hiyo hiyo.

Mwaka uliofuata akapata nafasi chuoni Mwanza, miezi tisa, kusomea tiba ya dharura kwa sehemu zilizo mbali na hospitali. Barua ya maombi aliiandika juu ya Eliya. Wakafundishwa kufunga mfupa kwa vijiti, kutengeneza machela kwa shuka na fito, kumshusha majeruhi mlimani kwa kamba. Klara akaongoza darasa. Mpaka Jumanne moja Daktari Philomena, mwalimu wao, akasema bila hata kupandisha sauti:

"Aliyebanwa na kitu kizito saa nyingi, msikimbilie kumwondolea uzito. Nyama iliyokandamizwa imeshatoa sumu. Mkimfungua ghafla, sumu inakimbilia moyoni, na mtu aliyekuwa anaongea nanyi anakufa. Mwekeeni kwanza dripu ya maji ya chumvi, akiwa hapo hapo chini. Ndipo muinue."

Klara hakuandika neno. Alikuwa anauona mkoba wake. Siku ile ulikuwa na dripu mbili. Alishuka nazo mwenyewe, akarudi nazo hazijafunguliwa. Loo, mama wee! Haraka haraka haina baraka, tunamwambia hata mtoto anayekimbilia uji wa moto. Lakini nani ataukumbuka msemo huo ndugu yake akiwa chini ya mwamba? Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, akalia mpaka wenzake wakadhani kapigiwa simu ya msiba.

Hakumwambia mama yake. Angeanzia wapi?

Alirudi machimboni, na mwezi wa tatu duara jingine likatitia. Safari hii alibanwa Luka, baba wa watoto wanne, saa saba nzima. Klara akashuka, akasimama mbele ya magogo. "Hakuna kuinua!"

"Umekuwa mchawi?" wachimbaji wakafoka. "Mtu anakufa huyo!"

"Nitukaneni mtakavyo, ila asiinue mtu."

Mshipa akaupata mara ya tatu. Dripu ya kwanza ikaisha, akaweka ya pili, ndipo akasema, "Haya, polepole." Luka alifika hospitali hai. Mguu mmoja ulikatwa, lakini roho ikabaki.

Alipopata nafuu, Luka alikwenda Didia kwa magongo, mkewe kabeba jogoo, kumshukuru mzazi wa Klara. Akasimulia yote: matusi, dripu, kule kusubirishwa. Klara alikuwepo, anakatakata mchicha. Kisu kikasimama.

Mama alishangilia, akamshukuru Mungu. Wageni walipoondoka akaketi, jogoo kafungwa miguuni pake. Kisha akauliza, wala si kwa ubaya:

"Klara, mwanangu. Hayo maji uliyompa Luka, siku ya Eliya hukuwa nayo?"

Angeweza kusema hapana, na mambo yakaishia hapo.

"Nilikuwa nayo, mayu," akasema. "Dripu mbili. Sikujua."

Mama yake hakupiga kelele, na tangu siku hiyo hajamlaumu hata mara moja. Klara akienda kumsalimu, mama anampikia, anambariki, anamsindikiza mpaka barabarani. Ila mgeni akiuliza Eliya alikufaje, mama hasemi tena kwamba dada yake alimtoa. Anasema, "Alifia machimboni," halafu anaulizia habari za mvua.