Kengele ya Masuke

Kila mavuno, maskini wa kijiji cha Cawby hawakuruhusiwa kuingia shambani kwa Bwana Coplestone kuokota masuke ya ngano yaliyobaki mpaka kengele ya kanisa ilie. Mpigaji alikuwa mjane Thirza Pummell, kama mama yake kabla yake, na mkate wa wajane wenzake majira ya baridi ulitegemea kamba ya kengele ile.

Mwaka ule kasisi alimzuia. "Subiri, Mama Pummell. Bwana Coplestone hajamaliza kuvuna. Nitakwambia mwenyewe."

Thirza akasubiri. Angemtiliaje shaka mtu aliyemzikia mume? Alipoambiwa apige, alipiga kwa furaha. Wanawake wakakimbilia shambani, wakakuta nguruwe wa Coplestone wamekwisha kula kila suke.

"Wamekuhonga nini, Thirza?" jirani yake Keziah alimfokea. "Paja la nguruwe?"

Mchunga nguruwe akacheka. "Mwacheni bibi wa watu! Kasisi ndiye aliyetuambia tusiwe na haraka, kengele ataishikilia yeye."

Jumapili kengele haikulia. Kasisi alimkuta Thirza ameketi mnarani, kamba aliyoikata ikiwa mapajani.

"Mama, ibada inaanza! Nani atawaita watu?"

"Waite nguruwe, Baba," alisema. "Si ndio uliowalisha?"