Mashine Iliyoitika Nyuma ya Kufuli

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kompyuta. Mkuu wa karakana, mtu mfupi aliyependa kuongea huku akitafuta bisibisi iliyokuwa mfukoni mwake, alinipa kitambaa na kunituma nifuate kila waya kwa mkono, kutoka ukutani hadi kwenye mashine, kisha nimweleze nilichokuta. Nilikuwa mwanamke pekee katika karakana ile ya Bunia, mashariki mwa Kongo.

"Usiniambie machine imekufa," alisema. "Kufa, docteur njo anatangaza. Weye niambie umeona nini."

"Nimeona vumbi, Chef."

"Vumbi iko Bunia yote. Rudia uangalie."

Baadaye nilitumwa Mongbwalu, kwenye ofisi ya wanunuzi wa dhahabu. Mkurugenzi wa pale alitaka kompyuta yake ione nyingine zote, ila yenyewe isionwe na yeyote. Kwa kumtimizia hilo nilijifunza jinsi mashine zinavyopeana anwani, jinsi folda moja inavyofunguliwa kwa watu wengi, na jinsi ya kuificha. Karakana ilipofungwa nilirudi Bunia nikawa fundi wa majumbani. Watu walikuwa wameshaweka paneli za jua na ruta, kile kisanduku kinachounganisha vyombo vya nyumba nzima, na karibu kila aliyeniita alikuwa na shida ileile: mashine mbili ziko nyumba moja na hazionani.

Mara nyingi sababu ni ndogo. Mashine moja imeambiwa kwamba iko kwenye mtandao wa watu wote, kama wa hotelini, basi inajificha. Ukiiambia iko nyumbani, inajitokeza. Mara nyingine mwenzake amelala. Kompyuta iliyoachwa bila kuguswa huzima skrini na feni, haijibu tena. Ili kujua, tunapiga ping: mashine moja hutuma mwito mdogo, tena na tena, na nyingine ikiwa macho huitika. Ikiwa imelala, hakuna jibu mpaka mkono uguse kibodi, au souris, yaani kile kipanya cha kusogeza mshale kwenye skrini.

Nyumba ninayotaka kuieleza ilikuwa na msiba. Baba wa nyumba na mkewe, Mama Furaha, walihamia Bunia kutoka Kivu ya Kaskazini, wakawa wanatengeneza kadi za arusi na za ubatizo. Bwana alizichora kwenye kompyuta ya chumba kidogo, bibi akazichapa kwa ile ya sebuleni. Siku moja bwana alianguka mezani, akakimbizwa hospitali ya Nyankunde, na hakurudi. Kaka yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Papa Mukubwa, alikuwa ameshafunga kile chumba kwa kufuli, na ufunguo akautia mfukoni.

"Kintu ya marehemu haiguswe mbele famille ikae kikao," aliniambia nilipofika. "Mutu atafungua huu mulango, hata bibi yake, arudie kwao, batoto babakie. Lakini bateja banalia kadi zao. Weye vuta kazi kwa waya, mulango ibakie vile."

Kompyuta ya chumbani ilikuwa imeachwa ikiwaka, ikilishwa na betri za paneli. Nilianza na ile ya sebuleni. Ilikuwa inajificha, nikaiambia iko nyumbani. Nikapiga ping. Kimya. Nikamweleza Papa Mukubwa kwamba mashine ya mdogo wake imelala, na bila mkono mle ndani haitaamka. Niliacha mwito uendelee nikapokea chai.

Mama Furaha alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, ukuta uleule wa chumba kilichofungwa. Alikuwa amejifunika kitenge mpaka mabegani.

Kikombe kilikuwa bado mkononi mwangu majibu yalipoanza kuingia. Mstari baada ya mstari. Nyuma ya mlango feni ya kompyuta ilivuta pumzi, na chini ya mlango ukatokea mwanga wa buluu. Nilisogea nifungue folda. Kabla sijafika, majibu yakakatika na mwanga ukazimika.

"Njo hivyo," alisema Tantine Mado, dada wa marehemu. "Kila siku lumière inatoka pale. Huyu bibi iko na ufunguo ya pili."

"Sina ufunguo, Tantine," alisema Mama Furaha bila kuinua macho.

"Basi nani anaingiaka?"

Papa Mukubwa alilishika lile kufuli, akalivuta. Lilikuwa zima. Tukazunguka nje sisi watatu mpaka dirishani. Nondo zilikuwa mahali pake, na pazia lilikuwa limeacha upenyo. Skrini ilikuwa imewaka tena. Mbele yake kiti kitupu, koti la marehemu mgongoni mwa kiti. Na kwenye skrini mshale ulikuwa unatembea. Ulikwenda polepole, ukasimama, ukazunguka kama mtu anayetafuta kitu mezani.

Tantine Mado alinishika mkono. Papa Mukubwa alimwita mdogo wake kwa jina la utotoni, kwa sauti ya chini, kama anayebisha hodi.

"Haiko ufunguo," Tantine alisema. "Iko kintu mubaya. Huyu mwanamuke alitia kintu mule ndani. Yaya, mufukuze leo."

Papa Mukubwa, ambaye kwake ni Yaya, yaani kaka mkubwa, hakukataa.

Mimi nilitazama meza. Kibodi. Kikombe chenye chai iliyokauka. Kipanya hakikuwepo.

"Marehemu alikuwa na souris ya waya?" nikauliza.

"Haikuwa na waya," alisema Papa Mukubwa.

Niliwaacha dirishani, nikarudi ndani, nikaketi mkekani karibu na Mama Furaha. Chini ya kitenge mkono wake ulikuwa unasogea kidogokidogo.

"Mama Furaha, uko nashika nini?"

"Yangu."

"Singeuliza tena. Lakini kule inje banasema uko mulozi, na Papa Mukubwa iko anasikiliza."

Mkono ulitulia.

"Alianguka nayo mu mukono," alisema. "Tulimutia mu gari vile. Njia yote ya Nyankunde hakuiachilia. Kule njo vidole yake ilifunguka."

"Utamuonyesha weye, ao miye?"

"Miye."

Alisimama, akakiweka kipanya kwenye kiganja cha shemeji yake aliyekuwa anaingia mlangoni. Nilimweleza kwamba kitu kile kinasema na kompyuta kwa mawimbi, na kwa umbali ule ukuta si kizuizi. Hakuamini. Alimrudisha dada yake dirishani, kisha akakisugua kipanya juu ya mkono wake.

"Inatembea," sauti ya Tantine ilitoka nje.

Akakisugua tena.

"Inaenda kushoto. Yaya, wacha, naogopa."

Papa Mukubwa alimgeukia mjane. "Uliitosha inje ya chumba?"

"Mulifunga chumba siye tuko hospitali."

Papa Mukubwa alikigeuza kipanya kiganjani. Sehemu ya kidole ilikuwa imechakaa mpaka ikang'aa.

"Basi haikutoka mu hii nyumba na mukono yako," alisema, kwa sauti ya kufika dirishani. "Ilitoka na ya kwake. Mado, habari ya kufukuza imeisha. Huyu iko kwake."

Mashine ilikuwa macho. Folda ilifunguka, na majina ya mabibi arusi yakajipanga kwenye skrini ya sebuleni.

"Papa, usiache kuisogeza, isilale," nilimwambia.

Aliketi mkekani, akaanza kusogeza kipanya cha mdogo wake juu ya goti. Nikaanza kunakili.

Sasa nimestaafu, macho yamechoka na skrini. Vijana wa kazi hii, nikiwasimulia, huniuliza kwa nini nilimwambia asiache, maana kompyuta inayotoa mafaili hailali. Wanasema kweli, na hata siku ile nilijua. Kunakili kulikwisha, nikafunga begi langu, Mama Furaha akawasha printa. Papa Mukubwa alikuwa bado anasogeza, taratibu, amefumba macho, na nyuma ya ukuta ile feni ilikuwa bado inazunguka.