Vumbi la Nyota na Utosi wa Faustin

Nilipokuwa msichana mdogo pale Bugarama, tulikuwa na vumbi la aina mbili. La kwanza Papa alirudi nalo nguoni kutoka kiwanda cha saruji. La pili halikuonekana. Koko, mama yake Papa, alisema linaanguka kutoka kwenye nyota giza likiingia, na likimkuta mtoto mchanga ambaye hajapewa jina, humwingia utosini na kumrudisha alikotoka. Kwa hiyo mtoto mchanga hakutolewa nje baada ya jua kuzama. Mimi niliamini kabisa. Nilijifunika kitambaa kichwani hata nikienda chooni.

Jioni moja mdogo wangu, mchanga bado, aliwaka homa, akakataa kunyonya, kisha akaanza kukakamaa. Papa alikuwa zamu. Maman akamfunga kifuani kwa kitenge na kumwita mwenye pikipiki awapeleke kituo cha afya. Koko akasimama mlangoni, mikono huku na huku.

"Hatoki. Nyota zimeisha kutoka, na hana jina."

"Maman, mutoto anakufa! Niache nipite!" Maman akamlilia mama mkwe wake.

"Akipita hivi, hapo njo atakufa."

Nilisikia pumzi za mtoto, fupi fupi, na honi ya pikipiki njiani. Niliogopa Koko asipopisha, na niliogopa zaidi akipisha.

Kwetu jina hutolewa na watoto. Siku ya jina huitwa watoto wa jirani, wakalishwa, kila mmoja akataja lake. Koko akanigeukia, na mtoto pekee aliyekuwepo nilikuwa mimi.

"Batoto njo banatoaka jina. Mupe jina, mbio!"

Kichwa changu kilikuwa kitupu. Likanitoka jina la yule mwenye pikipiki.

"Faustin!"

Koko akapisha.

Mtoto alipona. Koko alikufa akiamini kwamba jina ndilo lililomwokoa, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Siku hizi nafundisha sayansi, na nawaambia wanafunzi kwamba vumbi la angani lipo kweli. Huanguka usiku na mchana, juu ya mabati, juu ya maharage yaliyoanikwa, vichwani mwetu sote, mwenye jina na asiye nalo. Koko hakukosea kuhusu vumbi. Lakini nampenda na bado namkasirikia kwa muda ule wa mlangoni. Daktari hakuweza kusema kama ndio uliodhuru. Homa ilimwacha mdogo wangu kiziwi. Sasa ni mtu mzima, ana mke na watoto. Nikimhitaji, humgusa begani. Jina nililompa hajalisikia hata mara moja.