Fanuel na Mteremko wa Songwe

Ukitaka kumuudhi dereva yeyote wa Tunduma, mwambie gari likiwa mikononi mwake linakula mafuta. Atakununia wiki nzima. Na katika kubana mafuta, Fanuel wa Mlowo ndiye aliyekuwa baba lao. Aliendesha magari ya IT, yale ya Japani yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam na kuletwa mpaka Tunduma ili yavuke kwenda Zambia. Akiuona mteremko tu, mkono kwenye gia, nyutro, gari linaserereka lenyewe huku injini inapumzika. Trafiki walimkanya. Mkewe Edina alimlilia. Madereva wenzake walizikwa kwa mchezo huohuo. Wapi! Kwake yeye, kila mteremko wa barabara ile ulikuwa mafuta ya bure.

Alikulia kwenye kahawa. Baba yake, Mnyiha wa Mlowo, alikufa miaka ile ushirika ulipoyumba na wanunuzi binafsi wakaanza kuja na mizani zao. Majirani waling'oa mibuni wakapanda mahindi. Mama yake, Tusekile, Mndali wa kule Mbebe, akagoma. Mumewe alikuwa amelala humo, katikati ya mibuni, na yeye alishasema atalala ubavuni pake. Kahawa hiyohiyo ndiyo iliyompeleka Fanuel kujifunza udereva, wakati kaka yake Severini alibaki kushika jembe. Kwa hiyo Fanuel hakuwa na mzaha na mama yake. Hata kidogo.

Mwaka 2015 mama akaumwa ini. Wakampeleka Mbeya, akalazwa, akatobolewa sindano mpaka mikono ikavimba, na mwisho daktari akamvuta Fanuel pembeni akamwambia kwa upole kwamba lililobaki ni la Mungu. Mama mwenyewe hakuhitaji kuambiwa.

"Nirudishe nyumbani, baba," alimwambia mwanawe. "Nikifia hapa mtanirudisha kama gunia. Nataka niingie mlangoni kwangu ninaona."

"Nitakufikisha, mama. Kwa mikono yangu."

"Niapie."

Akaapa. Jamani, mtu akiahidi kitu cha namna hiyo aangalie mdomo wake, lakini mtoto gani angekataa?

Tatizo likawa usafiri. Taksi ya kwanza haikufika hata getini. Kila ikigonga shimo mama alipiga kelele za kukata maini, na dereva akaomba msamaha akawashusha. Fanuel alikuwa amekaa kwenye benchi, kichwa mikononi, simu ikaita. Alikuwa Masumbuko, kijana wa wakala wa magari. Lori lililobeba magari limeharibika pale Mbeya, na juu yake kuna gari la mteja wa Zambia linalotakiwa Tunduma. Gari la umeme mtupu, halina tone la mafuta. Lilale Mlowo lichajiwe, kesho yake livuke. Je, kaka Fanuel yupo karibu?

Fanuel karibu apige magoti. Alipoliona ndio kabisa. Gari laini, halitetemi, halina hata mlio, kiti cha mbele kinalala kama kitanda. Alisema Mungu si Athumani. Wakati anapanga mito na khanga ili mama alale vizuri, Masumbuko aliinama dirishani akawa anaeleza.

"Kaka, hiki kigia cha mviringo ndiyo kila kitu. D ni mwendo wa kawaida. Hiki kitufe cha Eko, ukibonyeza gari linakuwa zito kidogo ila linabana chaji. Halafu kuna B. Ukishuka mlima weka B, gari linajizuia lenyewe na chaji inarudi kwenye betri. Nyutro usiguse, maana hapo hurudishi kitu. Na lenyewe halijajaa, umeme ulikatika. Betri yenyewe imechoka."

"Dogo," Fanuel alijibu bila kugeuka, "mimi kubana nimeanza wewe bado unanyonya. Nishikie huu mto."

Hakusikia hata neno moja. Akili yote ilikuwa kwa mama, na iliyobaki ilikuwa kwenye ujuaji wake.

Wakatoka Mbeya, jua la asubuhi mgongoni. Mama alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya majuma. "Hili limewaka kweli?" aliuliza. Walipopita Mbalizi barabara ikaanza kuteremka, na teremko lile la kwenda mto Songwe unalijua kama umepita: refu, linakwenda, linakwenda. Dereva wa akili zake angeona pale chaji ya bure inayomsubiri. Fanuel naye aliona cha bure, ila alikiona kwa macho ya petroli. Mkono kwenye gia. Nyutro.

Gari likaserereka kimya mpaka bondeni, na yeye amejaa furaha, anamsimulia mama habari za wajukuu. Vijiti vya chaji kwenye dashibodi havikuongezeka hata kimoja. Yeye alifurahi kwamba havijapungua. Mtu mzima, na ndevu zake!

Walipovuka daraja wakaanza kuukwea mlima wa Senjele, na hapo gari likaonyesha rangi yake. Kijiti kikazimika. Kikafuata kingine. Akabonyeza Eko, gari likawa zito, vijiti vikaendelea kuzimika. Katikati ya mlima ikawaka taa ndogo yenye picha ya kobe, na gari nalo likawa kobe kwelikweli. Likajikokota mpaka kwenye kona moja, akalivuta pembeni kabla halijamfia barabarani.

"Tumefika?" mama aliuliza, amefumba macho.

"Bado kidogo, mama. Tunapumzika."

Akashuka, akapunga mikono mpaka mabega yakauma. Magari madogo yalimkwepa. Nani abebe mtu anayekata roho? Malori yalipanda pole pole, karibu unayagusa, lakini lori lenye mzigo halisimami Senjele. Dereva mmoja wa Zambia alitoa kichwa dirishani, sura imemwanguka. "Pole, mayo!" alimwambia mgonjwa kwa adabu yao ya kuita mama. "Nikisimama hapa siondoki tena." Akapita.

Fanuel akampigia Severini kule Mlowo. Kaka akasema anatafuta gari sasa hivi, atakuja mwenyewe. "Mko kona gani? Haya, msitoke hapo. Fanuel, umenisikia? Usitoke hapo."

Akangoja. Kungoja kule kulimtafuna. Pumzi ya mama ilikuwa inakatika, inarudi, inakatika tena, na kila ikikatika Fanuel alihisi moyo wake unakwenda nayo. Alimlowesha midomo kwa maji. Akatazama juu mlimani, hakuna gari la kaka. Hofu ikamzidi. Na katika hofu ile, ndipo sauti ya Masumbuko ikamjia, neno kwa neno, kana kwamba masikio yalikuwa yameiweka ili imwadhibu: ukishuka mlima weka B, chaji inarudi.

Akakaa kwenye usukani. Akapiga hesabu za mtu aliyechanganyikiwa: nigeuze, nishuke na B mpaka darajani, nikusanye chaji, nipande tena. Angetulia angejua kwamba mlima hautoi kwa kushuka kile unachodai kwa kupanda. Lakini atulie vipi? Kukaa pale ni kumwangalia mama anakufa pembeni ya barabara. Akageuza gari.

Mama akafumbua macho. Bonde lilikuwa limefunguka mbele ya kioo, na milima ya Mbeya ng'ambo.

"Mbona tunarudi Mbeya?"

"Haturudi, mama. Nakusanya chaji. Hili gari likishuka linajaza betri, nikiweka hii B. Tukifika chini napanda tena. Tunakwenda nyumbani, mama, nakuapia!"

Mama alimwangalia. Betri, chaji, B; angejuaje mambo hayo, mwanamke wa jembe na kahawa? Alichokiona ni kwamba nyumbani kumebaki nyuma ya kichwa chake.

"Sawa, baba," alisema. "Nimeelewa. Mmeshindwa na mimi."

"Mama, hapana! Mama, nisikilize!"

Akageuza uso dirishani. Fanuel aliongea njia nzima ya kushuka, anaongea na kulia, mkono mmoja usukani, mwingine ameshika vidole vyake. Gari lilijizuia lenyewe kama alivyoambiwa. Mishale midogo ya kijani ilirudi kwenye betri kama alivyoambiwa. Karibu na daraja kijiti kimoja kikawaka. Akasimamisha gari pembeni, akamgeukia amwambie, mama, umeona, sasa tunapanda. Vidole alivyoshika vilikuwa vimelegea.

Simu ikaita. "Nipo kwenye kona," Severini alisema, anahema. "Nimeleta Noah, tumetandika na godoro. Mbona siwaoni?"

Wakamzika siku ya pili, ubavuni pa mumewe, katikati ya mibuni. Pale kwetu, kabla jeneza halijashushwa, aliyemuuguza marehemu husimama awaeleze watu ugonjwa ulivyoanza, ulivyokwenda, na mwenyewe aliaga vipi. Mchungaji akamwita Fanuel. Akasimama, koti la kuazima linampwaya, akaeleza habari za ini, na sindano, na safari. Watu wakasubiri maneno ya mwisho.

"Aliaga vizuri," Fanuel akasema. "Alifurahi. Alijua tunakwenda nyumbani."

"Amina," umati ukaitikia.

Severini, aliyelikuta gari limeelekea Mbeya, hakuitikia.