Mteremko wa Kawetele

Juzi pale Bagamoyo nilimwona kijana akishuka kwa baiskeli isiyo na breki, miguu ikizunguka pamoja na pedeli, nikamkumbuka baba.

Baiskeli yake pia haikuwa na breki, na friwili ilipoharibika aliichomelea, basi pedeli zikawa zinazunguka pamoja na gurudumu, hazikusimama hata mteremkoni. Alasiri moja alinipakia nyuma, juu ya mkungu wa ndizi, tukashuka Kawetele. Mvua ilikuwa imekatika, udongo ukinukia, na mnyororo ulilia njia nzima.

"Tata, kanyaga zaidi!" nilipiga kelele.

"Shikilia, mwanangu."

Bondeni aliketi kwenye matope, magoti yakimtetemeka. Nilimcheka: mtu mzima kuchoshwa na mteremko! Kumbe muda wote alikuwa akituzuia kwa miguu yake.