Kereng'ende Niliyemmeza

Nilipokuwa mtoto katika mtaa wetu wa Ngagara, nilimmeza kereng'ende akiwa hai. Hata sasa nikiandika, mate yananijaa mdomoni, na si mate ya hamu.

Nilikuwa nakojoa kitandani. Binamu zangu wa Uvira walikuwa wanakuja likizo, tulale godoro moja, na mkubwa wao, Espe, alishatuma salamu: "Mumwambie alete mutumbwi!" Tantine Feza, dada yake baba, hakutaka niaibike. Akanishika mkono hadi kwenye mfereji nyuma ya nyumba, ambako maji yalipita polepole kati ya matete.

Hapo walitua kereng'ende wadogo, wembamba kama njiti za kiberiti, buluu mkiani, mabawa wameyafunga mgongoni. Tantine akamnasa mmoja kwa vidole viwili.

"Fungua kinywa. Usitafune. Huyu analala juu ya maji, asubui ako mukavu."

"Tantine, apana! Ako na miguu!"

"Na we uko na wageni. Meza!"

Nikameza. Miguu ilishika koo kama nywele zilizolowa. Bawa moja likanata kwenye kaakaa. Nikalisukuma kwa ulimi, likakataa. Nikajikamua kutapika, ukatoka ute tu. Yeye hakutoka.

Usiku binamu walikoroma, mimi nikamsikiliza akikwaruza tumboni. Asubuhi godoro lilikuwa kavu. "Munaona?" Tantine akasema, na mtaa mzima ukaona. Hakuna aliyeuliza kama nililala.

Mwaka huu mwanangu ameanza kulowesha godoro. Tantine, sasa mzee, akatupeleka kwenye mfereji uleule kumtafutia naye kereng'ende wa kumeza. Matete hayapo. Maji ni meusi, yana utando wa mafuta. Nepi zimetuna, panya mfu amevimba, na nzi wanatua pale walipotua wale wa buluu. Mwanangu alinibana mkono. Tantine alitafuta kwa macho, kisha akaziba pua kwa kitenge.

"Apana," akasema. "Hapa hata dawa yenyewe imekufa. Turudi."

Nyumbani nililianika godoro uani, majirani wakitazama, wala sikulificha.

"Mama, nitameza nini?" mwanangu akauliza.

"Uji."

Akacheka. Mimi nililisikia tena bawa lile kwenye kaakaa. Miaka yote nimemwonea kinyaa mdudu yule, kumbe katika mfereji wetu yeye ndiye aliyekuwa msafi, na alipoondoka hatukumuuliza mtu kwa nini.