Mtani Kwenye Fomu ya Tathmini

Siku ya kwanza kazini nilifika saa moja, ofisi ikafunguliwa saa tatu. Mratibu wa Kanda, bosi wangu wa kwanza pale Lindi mjini, alinikuta kwenye ngazi, akanipa pole, kisha akanipa fomu. Shirika letu lilitoa ruzuku, yaani fedha zisizorudishwa, kwa asasi za kiraia: vikundi ambavyo watu wameviunda wenyewe, si vya serikali wala vya biashara. Kwanza tulifanya tathmini ya uwezo, kuona kama kikundi kinaweza kusimama. Mimi ni wa darasa la saba. Kumpima mwenzangu kulinitia haya, na sidhani nilikuwa mpimaji mzuri.

Nilihamishiwa Kilwa Masoko, nikapima vikundi hadi Likawage, kisha nikarudishwa Lindi chini ya Meneja wa Ruzuku. Alikuwa mkali lakini mtu wa haki, nisimsingizie. Tulikwenda naye Rutamba, kwa kikundi cha akina mama cha maji. Kisima walikwisha kuchimba wenyewe. Walitaka pampu, maana hata wajawazito walivuta ndoo kwa kamba.

Swali la kumi na moja liliuliza nani anawasimamia viongozi. Mwenyekiti, Bi Fatu, akajibu kwamba ni mtani. Meneja akaniambia niandike "hakuna".

Sijamaliza kuandika, mtani mwenyewe akaingia: Mzee Nandonde, mzaliwa wa Nyangamara aliyehamia hapo. Hakusalimia. Akaketi kwenye kiti cha mwenyekiti.

"Wageni, huyu mnayetaka kumpa pampu kamba ya kisima kaanikia nguo wiki nzima."

"Nimeirudisha," alisema Bi Fatu.

"Umerudisha nusu. Nusu umemfungia mbuzi, naye mvivu kama wewe."

Akina mama walicheka hadi wakajifuta machozi kwa kanga. Bi Fatu naye alicheka, akatuma mtu akamfungue mbuzi. Meneja hakucheka. Alininong'oneza niandike kwamba kikundi kina mgogoro wa uongozi, na kwa kanuni zetu chenye mgogoro hakipati kitu.

Nikaweka kalamu chini. Nikamweleza kwamba mtani, kwa utani waliorithi kwa mababu, ana ruhusa ya kukwambia usoni, hata msibani, jambo ambalo jirani analiogopa, nawe huruhusiwi kununa. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema sina sana, kwa kuwa na mimi nimecheka, na aliyecheka si shahidi mzuri.

Basi akamgeukia mzee. "Na wewe, nani anakusimamia?"

"Mimi," alidakia Bi Fatu. "Alikula mbegu za karanga za kikundi. Alipofiwa na kaka yake, nikakaa mlangoni nikawasimulia waombolezaji wote. Msimu ule alitulimia shamba peke yake."

"Mgongo mpaka leo unauma," alisema mzee.

Meneja akachukua fomu, akafuta "hakuna" kwa mkono wake na kuandika "yupo".

Makao makuu wakataka barua ya uteuzi ya msimamizi huyo. Mzee Nandonde akasema aliyemteua ni babu yake, amelala makaburini, wenye haja wakamwulize. Nikaandika hivyohivyo. Pampu ilifika kabla ya mvua.

Nilipostaafu nilipewa cheti cha utendaji bora. Niliposoma nikaona sifa zimezidi, lakini hapakuwa na hata mmoja ukumbini wa kunicheka. Miaka yote ile tulivijengea vikundi uwezo, na ofisi yetu haikuwa na mtani.